Shada la bibi harusi: ua gani litafika jioni?

Barua zilizofika katika safu hii safari hii zimelizungumzia jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni shada ambalo bibi harusi hulishika mkononi siku ya harusi yake. Nimechagua saba, na nimezifupisha pale ambapo mwandishi alieleza mengi ya ukoo na machache ya maua. Neno lenyewe, shada, lina mzigo wake, kwa kuwa lile linalowekwa kaburini nalo huitwa hivyo hivyo; majibu yafuatayo yanahusu la mkononi tu.

Swali: Shikamoo Bibi. Nitafunga ndoa baada ya miezi mitano. Nimehifadhi katika simu picha ya shada ninalolipenda mno, lenye haidrenjia nyeupe, gadenia, na pioni za rangi ya waridi. Watengenezaji wawili niliowaendea wamenivunja moyo: wa kwanza alisema haiwezekani, wa pili akasema inawezekana ila hatanihakikishia lolote. Je, nimtafute wa tatu? — *Bibi harusi mtarajiwa*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Usimtafute wa tatu, bali rudi kwa yule wa pili, kwa sababu amekuambia ukweli ambao baadhi yetu katika kazi hii huuficha mpaka malipo yakamilike. Picha uliyonayo inaonyesha maua yalivyokuwa katika dakika ile moja, pengine yakiwa yametolewa majini muda huo huo na kurudishwa mara baada ya kupigwa picha, ilhali shada lako litatolewa majini asubuhi, litashikwa na mkono wenye joto, litalazwa kitini, litapigwa na upepo wa gari, na bado litatarajiwa kupendeza katika picha za jioni. Kwa hiyo kabla hujauliza ua gani ni zuri, hesabu muda: tangu shada litakapotoka majini hadi picha ya mwisho itakapopigwa. Mara nyingi nimepata muda wa saa sita hadi nane, na maharusi wengi hushtuka wanapoambiwa.

Tuyapime maua yako matatu kwa kipimo hicho. Haidrenjia ina kichwa kipana chenye vijiua vingi ajabu, kila kimoja kikipoteza maji yake hewani, na kikonyo chake hutoa utomvu unaoweza kuuziba mkato, hivyo hata ikiwa ndani ya ndoo wakati mwingine hushindwa kunywa kiasi inachopoteza, sembuse ikiwa nje. Inaweza kusimama imara asubuhi na kulala kama kitambaa kilicholowa kabla ya adhuhuri. Kuna dawa, nayo ni kukizamisha kichwa kizima majini kwa nusu saa hivi, kwa kuwa vile vipande vya rangi tunavyoviita petali, ambavyo kwa kweli ni sepali, yaani vile vijani vinavyolifunika tumba, navyo hunywa maji. Lakini sijamwona bibi harusi aliyepata nusu saa ya namna hiyo katikati ya sherehe yake.

Gadenia ina harufu ambayo sitakulaumu kwa kuipenda, ila petali zake hugeuka rangi ya kahawia popote zinapobonyezwa na kidole, na ndiyo maana mafundi wazoefu hulowesha vidole kabla ya kuigusa. Shada ni kitu cha kushikwa, na siku hiyo utakumbatiwa na watu ambao hata majina yao huyakumbuki; kila kumbatio litaacha alama yake. Pioni nayo ina ugumu wa aina nyingine, kwa sababu ni ua la majira. Mmea wake unahitaji kupitia baridi kali ndipo utoe matumba, kisha huchanua kwa wiki chache tu kati ya mwisho wa machipuko na mwanzo wa kiangazi, na kwa kuwa majira ya kaskazini mwa dunia hayaendi pamoja na ya kusini, yapo mashamba yanayokata pioni mwezi wa Mei na Juni na mengine mwezi wa Novemba na Desemba. Harusi yako ikiangukia mbali na miezi hiyo, utaitafuta kwa taabu. Ikipatikana, inunuliwe ikiwa tumba linalobonyea kidogo likiminywa, kwa sababu tumba gumu kama jiwe huenda lisichanue kabisa, na lililokwisha kufunguka litaanza kupukutika mapema.

Sasa, unachokipenda katika picha ile ni nini hasa? Nadhani ni ule ujazo wa mawingu meupe na ule ulaini wa petali nyingi zilizolaliana, na vitu hivyo viwili vinaweza kupatikana kwa maua yenye subira zaidi. Karnesheni nyeupe zilizofungwa kwa kukaribiana hutoa ujazo wa haidrenjia, na watu wanaozidharau hushindwa kuzitambua zikiwa zimefungwa hivyo. Waridi la bustani lenye petali nyingi, au lisianthasi iliyofunguka, hushika nafasi ya pioni kiasi kwamba wageni wengi hawatauliza. Krisanthemamu, alstromeria, okidi na anthuriamu nazo huvumilia kukaa bila maji kwa muda mrefu, ijapokuwa mbili za mwisho zina sura ya peke yake ambayo haikubali kufichwa katikati ya mengine.

Kama bado moyo wako umeshikilia haidrenjia, fanya jaribio ninalowapa wote: nunua kikonyo kimoja cha kila ua unalolitaka, kiache kinywe maji usiku kucha, kisha asubuhi kitoe na ukilaze mezani, mahali penye joto linalokaribiana na la siku yako, bila tone la maji. Usiku yatazame. Maua yatakuwa yamekujibu vizuri kuliko mimi.

Swali: Bibi, salaam. Binti yangu ni mfupi, na gauni lake lina mkia mrefu na nakshi nyingi kifuani. Anataka shada linaloteremka hadi karibu na magoti, kama lile la Diana, binti mfalme wa Uingereza. Mimi naona litammeza. Nani ana haki? — *Mama wa bibi harusi*

Jibu: Mama mwenzangu, wewe una haki kuhusu kimo, naye ana haki kuhusu ndoto yake, basi tutafute mahali mnapoweza kukutana. Shada la Diana la mwaka 1981, lenye gadenia, okidi, mawaridi, frizia na mengineyo, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja, na lilishikwa na mwanamke mrefu aliyevaa gauni lenye mkia wa takriban mita 7.6, ndani ya Kanisa Kuu la St Paul's, London, jengo ambalo kitu kidogo kingepotea ndani yake. Ukubwa ule ulilingana na mahali pale na gauni lile. Miaka 30 baadaye, mwaka 2011, Catherine Middleton, alipoolewa na William, mwana wa Diana, naye akiwa mrefu, alishika shada dogo la yungiyungi la bondeni, hiasinthi na majani ya mhadasi, na hakuna aliyelalamika kwamba lilikuwa dogo.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba upana wa shada usizidi upana wa kiuno cha anayelishika, isipokuwa gauni lenyewe lina sketi pana sana, na kwamba lishikwe kwenye usawa wa kitovu, viwiko vikiwa vimelegea kando ya mwili. Hapa ndipo nakshi za kifuani zinapohusika. Bibi harusi mwenye wasiwasi hupandisha shada polepole bila kujua, hadi likafika chini ya kidevu, na kila alichokilipia fundi wa gauni kikafichwa. Mfanyieni mazoezi mbele ya kioo, akitembea, si akisimama tu.

Kuhusu shada la kuteremka, mwambieni mtengenezaji alifanye liishie katikati ya paja, liwe jembamba kadiri linavyoshuka, na ile sehemu inayoshuka iundwe kwa vitu vyepesi, kama majani membamba na okidi ndogo zilizotiwa waya, badala ya mawaridi makubwa. Mwulizeni pia kama anatumia kishikio chenye sponji iliyoloweshwa. Sponji huyapa maua maji, na hiyo ni faida ya kweli, lakini huongeza uzito, na ikikandamizwa inaweza kudondosha maji juu ya gauni.

Uzito ni jambo ambalo watu hulifikiria wakiwa wamechelewa. Shada la mawaridi 25 yenye vikonyo vilivyoshiba maji linaweza kukaribia kilo moja, na la kuteremka likazidi hapo. Mpe binti yako chupa yenye lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja, aishike kwa mikono miwili usawa wa kitovu kwa dakika 20 huku mkizungumza. Akiiweka chini kabla ya muda huo, mjadala wenu umekwisha, na hamjagombana.

Swali: Gauni langu ni la rangi ya pembe za ndovu. Je, maua ni lazima yawe meupe? — *Msomaji*

Jibu: Si lazima, na katika hali yako weupe halisi ndio ninaouogopa zaidi. Ua jeupe kama karatasi likiwekwa mbele ya kitambaa cha pembe za ndovu hukifanya kitambaa kionekane kama kilichochakaa au kilichofuliwa vibaya. Chagua maua ya rangi ya malai, ya pichi iliyofifia au ya waridi hafifu, au kama unataka meupe, yatenganishe na gauni kwa ukingo wa majani ya kijani. Chukua kipande cha kitambaa cha gauni, ukiweke kando ya ua lenyewe, na uvitazame karibu na dirisha mchana, kwa kuwa taa za dukani hudanganya. Ukipenda rangi iliyokolea, kumbuka kwamba wekundu wa damu ya mzee katika picha zilizopigwa ndani hugeuka kuwa doa jeusi lisilo na petali. Changanya na ua lenye rangi nyepesi kidogo ili umbo lionekane.

Swali: Mimi ndiye bwana harusi, na ninaomba msinicheke. Nina pumu, na chumba chenye maua mengi hunifanya nikohoe. Mchumba wangu anapenda mayungiyungi makubwa yenye harufu. Nitasimama kando yake kwa muda mrefu. Tufanye nini? — *Bwana harusi*

Jibu: Hakuna wa kukucheka, na ninatamani maharusi wengi zaidi wangeandika mapema hivi badala ya kupiga chafya katika kila picha. Kwanza umwone daktari wako, uwe na dawa yako ya kuvuta mfukoni siku hiyo, kwa sababu mimi ni fundi wa maua na si tabibu. Baada ya hapo, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani chavua na harufu.

Chavua inayoruka hewani na kuwasumbua watu kwa kawaida hutoka kwenye miti na nyasi zinazotegemea upepo, ambazo maua yake huwa hayana mvuto wala hayauzwi. Maua ya kupendeza mengi hutegemea wadudu, na chavua yake ni nzito na yenye kunata, hivyo haisafiri mbali. Hata hivyo jamii ya alizeti, ambamo pia mna krisanthemamu na deizi, huwasumbua wengine wenye mzio, na ningeiepuka. Ningeepuka pia zile nyasi ndefu zilizokaushwa, zenye manyoya kama mkia wa farasi, ambazo siku hizi zinaingizwa katika kila shada: ni nyasi za upepo hasa, na zikikauka humwaga nyuzi na vumbi kila zinapotikiswa.

Harufu ni jambo jingine, na kwa mwenye pumu mara nyingi ndiyo inayochokoza kifua. Yungiyungi kubwa la aina za mashariki, tuberosi na hiasinthi hujaza chumba kizima. Mchumba wako hahitaji kuacha mayungiyungi kabisa, kwa kuwa zipo aina za jamii hiyo zisizo na harufu au zenye harufu hafifu sana, ambazo wauzaji huziita za Asia, na pia kuna kala, ambayo huitwa yungiyungi kwa jina tu na ina mstari safi unaopendeza mkononi. Mawaridi ya kukatwa yaliyozalishwa kwa ajili ya kusafirishwa mbali mengi hayana harufu ya kutajika, jambo ambalo wapenzi wa mawaridi hulisikitikia lakini kwako ni baraka. Jihadharini na jipsofila, vile vijiua vidogo vyeupe vya kujazia. Vikiwa vichache havina neno, ila fungu kubwa lina harufu ambayo wengine huifananisha na maziwa yaliyochacha.

Mkichagua yungiyungi la aina yoyote lenye chavua, kila ua linapofunguka ling'olewe vifuko vya chavua kabla havijakauka na kuanza kumwaga unga. Hilo litakusaidia wewe na litaliokoa gauni, kwa kuwa unga ule wa rangi ya machungwa ukisuguliwa kwa maji au kwa kidole huingia ndani ya kitambaa. Ukidondoka, kitambaa kikung'utwe, kisha unga ubanduliwe kwa selotepu, bila kusugua. Na kama kuna paka nyumbani mtakakolala, mayungiyungi yasiingie kabisa, kwa sababu hata kiasi kidogo cha chavua yake kinaweza kumuua paka kwa kuharibu figo zake.

Swali: Nimeambiwa kuna mawaridi ya buluu. Nayapata wapi? — *Msomaji mwenye haraka*

Jibu: Uliyoyaona karibu kwa hakika ni mawaridi meupe yaliyotiwa rangi, ama kwa kunyweshwa ama kwa kupuliziwa. Waridi kwa asili halitengenezi ile rangi asilia ya delfinidini inayoyapa maua mengi ubuluu wake. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitangaza mwaka 2004 kwamba imefanikiwa kuliingizia waridi uwezo huo kwa njia ya jeni, ikaanza kuyauza mwaka 2009, lakini kwa macho yangu rangi yake ni zambarau hafifu kuliko buluu. Yaliyonyweshwa rangi yanaweza kuivujisha kutoka kwenye mkato wa kikonyo, na yaliyopuliziwa huweza kuacha alama mkononi. Sitaki kufikiria alama hiyo ikiwa kwenye gauni. Kama ni ubuluu unaoutaka, mwulize muuzaji delfiniamu au eringiamu, ambazo zimezaliwa nao.

Swali: Shikamoo. Dada yangu ameniomba nimtengenezee shada mwenyewe ili kupunguza gharama. Nina mikono mizuri lakini sijawahi kufanya kazi hii. Tumeamua kutumia mawaridi na majani tu. Ninunue mangapi, ninunue lini, na nifunge vipi? — *Mdogo wa bibi harusi*

Jibu: Marahaba. Umenifurahisha kwa neno "tu", kwa sababu shada la aina moja ya ua ndilo rahisi kwa anayeanza. Kwa shada la mviringo lenye upana wa sentimita 20 hadi 25 utahitaji mawaridi kati ya 18 na 25, kutegemea ukubwa wa vichwa; nunua matano zaidi, kwani mawili yatavunjika shingo na moja litakuwa na doa ambalo hukuliona. Kwa majani, mkalitusi wenye majani ya mviringo hudumu na hukauka bila kunyong'onyea. Kangaga laini hupendeza, lakini hujikunja mapema likikosa maji, kwa hiyo ulifanyie lile jaribio la meza nililomweleza bibi harusi wa kwanza.

Mawaridi yanunuliwe siku mbili kabla, yakiwa matumba yaliyoanza kulegea. Binya chini kidogo ya petali, pale linapokutana na kikonyo: tumba zuri ni gumu kiasi, na lililozeeka hubonyea kama sponji. Ukifika nyumbani, kabla ya jambo lolote, osha ndoo kwa sabuni kama utakavyoosha chombo cha kulia, kwa sababu bakteria walio ndani ya maji machafu huziba mishipa ya kikonyo, na hapo ndipo waridi linapoinamisha shingo hata likiwa limesimama ndani ya maji tele. Ondoa majani yote yatakayozama. Kata kila kikonyo sentimita mbili au tatu kwa kisu kikali, kwa mshazari, na ukitie majini papo hapo ili hewa isiingie. Yaache yanywe kwa saa kadhaa mahali penye giza na ubaridi kabla hujayagusa tena, na kesho yake ubadilishe maji.

Ukiwa na jokofu tupu, mawaridi hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Nasisitiza neno tupu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliweka karnesheni za harusi usiku mmoja pamoja na kapu la matunda yaliyoiva, na asubuhi nikazikuta zimejifunga kama ngumi za mtoto mchanga, zisifunguke tena. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya etilini, ambayo huliharakisha ua kuzeeka, na karnesheni na okidi huathirika nayo kupita mengi. Moshi wa gari una gesi hiyo hiyo, kwa hiyo ndoo isikae gereji. Nakuongezea jambo moja lisilokuhusu leo lakini litakalomhusu atakayekuomba shada la pili: baridi hiyo inayoyafaa mawaridi huwa adhabu kwa maua ya nchi za joto, na anthuriamu iliyolazwa kwenye baridi chini ya nyuzi 10 huweza kuamka na madoa meusi.

Ufungaji wenyewe hufanywa mkononi. Vua kila kikonyo miiba na majani, ukiyaacha machache karibu na kichwa, kisha ondoa zile petali mbili tatu za nje zenye kingo za kijani au michubuko, ambazo kazi yake ilikuwa kulilinda ua na imekwisha. Shika waridi moja likiwa wima katika mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Weka la pili kwa mshazari juu yake, kichwa kikielekea kushoto na mkia wake kulia, la tatu vivyo hivyo, na kila baada ya maua mawili au matatu lizungushe fungu lote kidogo, huku vikonyo vyote vikiendelea kulalia upande ule ule. Ukifanya hivyo vikonyo vitajipanga kama parafujo, vikikutana mahali pamoja pembamba, na vichwa vitafunguka juu kwa mviringo bila kusukumwa. Ukikosea mwelekeo wa kikonyo kimoja, utakihisi, kwa sababu kitawasukuma wenzake na pengine kuvunjika. Majani yaingie katikati kidogo kidogo na mengi yabaki ya ukingo. Funga kwa kamba laini pale pale vikonyo vinapokutana, imara lakini bila kukata ngozi ya vikonyo, kisha vikate vyote vilingane, urefu wa shada zima ukiwa sentimita 25 hadi 30.

Jizoeze mara mbili kabla ya wiki ya harusi kwa matawi yoyote ya bustani, kwa kuwa mikono hujifunza kazi hii polepole na hutaki ijifunzie kwenye mawaridi ya dada yako. Shada lifungwe jioni ya kuamkia siku yenyewe na lilale limesimama katika chombo chenye maji ya kufunika vikonyo tu, yasifike kwenye kamba. Utepe usiufunge usiku. Asubuhi, dakika 15 kabla ya dada yako kulipokea, litoe, ukaushe vikonyo kwa taulo mpaka visitoe hata tone, ndipo uzungushe utepe, na pini ziingizwe kuelekea juu kwa mshazari, ncha zikibaki ndani ya vikonyo na si kwenye viganja vyake. Usikiache nyuma chombo kile cha maji: kipeleke ukumbini, kwa sababu kila mara dada yako atakapoliweka shada chini ni nafasi ya vikonyo kunywa, mradi umeviacha sentimita mbili za chini bila utepe.

Mkibadili mawazo mkaongeza maua mengine, niandikie kwanza. Tulipu, kwa mfano, huendelea kurefuka na kuinamia mwanga hata baada ya kukatwa, na shada lililofungwa jioni likiwa mviringo linaweza kuamka na vichwa vilivyochomoza kila upande. Narisisi nayo hutoa utelezi unaoyadhuru maua mengine, hivyo huwekwa katika ndoo yake peke yake kwanza.

Swali: Ninataka kulihifadhi shada langu baada ya harusi. Nianze lini? — *Aliyebakisha wiki tatu*

Jibu: Usiku ule ule, na kwa kuwa wewe utakuwa na mengine ya kufanya usiku huo, mteue mtu leo. Shada linaloachwa siku mbili juu ya kabati huwa limeanza kuwa na kingo za kahawia, na ukaushaji hauondoi doa lililokwishaingia. Njia rahisi ni kulitoa utepe, kuligawa katika mafungu madogo, na kuyaning'iniza vichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa inayopita, kwa wiki mbili hadi tatu. Giza ndilo linalosaidia rangi isififie. Mawaridi hukubali njia hii vizuri ingawa hujikunja na kukolea, meupe yakigeuka ya rangi ya malai. Ukitaka yabaki na umbo lake, yafukiwe kwenye jeli ya silika, yaani chembe kavu zinazonyonya unyevu, ndani ya kopo linalofungika kwa muda wa siku tatu hadi saba, kila ua likijazwa chembe hizo kati ya petali taratibu kwa kijiko. Yungiyungi na maua mengine yenye maji mengi hayaning'inizwi. Yachague machache, uzitenganishe petali zake, na uzikandamize kati ya karatasi zinazonyonya maji ndani ya kitabu kizito, ukibadilisha karatasi kila baada ya siku chache. Mtu uliyemteua mkabidhi pia kopo na jeli hiyo mapema, kwa sababu usiku wa harusi hakuna atakayekwenda kuitafuta.